Kuchagua kaliba ya bastola ya kubeba kila siku na ya kulinda nyumba

Usianze na kaliba, yaani saizi ya risasi. Anza na mkono utakaoishika bastola na mahali itakapokaa mchana kutwa, maana hivyo viwili vitafuta nusu ya orodha kabla hujafungua pakiti ya risasi. Kabla ya hapo, soma sheria ya unakoishi: sehemu nyingine kaliba fulani haziruhusiwi kwa raia, na kwingine kinachokatazwa ni risasi za kichwa chenye tundu (kichwa-tundu), ambacho hufunguka na kutanuka kikiingia mwilini. Jambo hilo lijulikane kabla hujalipa.

Hatua ya 1: Usiamini namba, soma maandishi

Majina ya kaliba yanapotosha. .38 Special, pamoja na jina lake linaloashiria .38 ya inchi (kama milimita 9.7), ina kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha kipenyo cha takriban milimita 9.1. .380 ACP na 9 mm Parabellum (9x19) zina kichwa cha kipenyo kilekile, milimita 9.01. Zinapotofautiana ni urefu wa ganda, milimita 17 kwa 19, na nguvu ya baruti iliyomo. 9 mm Makarov ina ganda la milimita 18, lakini kichwa chake ni milimita 9.27. Hizi tatu haziazimani.

Rivolva (bastola yenye mtungi wa risasi unaozunguka) ya .357 Magnum inakubali .38 Special bila shida, ila kinyume chake ni marufuku. Kosa linalotokea sana mezani kwenye uwanja wa shabaha ni risasi ya 9 mm kuchanganyika na za .40 S&W. Inateleza ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa) iliyo pana, na ikilipuka ganda linapasuka au kuvimba, na kichwa kinatoka ovyo. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, kisha soma kitako cha ganda. Na mezani kuwe na kaliba moja tu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Weka kizingiti, kisha acha kubishana

Tarehe 11 Aprili 1986, katika mapambano ya Miami, risasi ya 9 mm ilipita mkononi mwa mhalifu, ikaingia kifuani na kuishia karibu na moyo bila kuufikia. Maajenti wawili wa FBI (idara ya upelelezi ya Marekani) waliuawa siku ile. Kutokana na hapo FBI walianza kupima risasi kwa jelatini ya asilimia 10 inayoiga nyama ya mwili, ikiwa tupu na ikiwa imefunikwa nguo nzito, na kipimo kinachokubalika kikawa kina cha sentimita 30 hadi 46. Wakahamia 10 mm, wakaona teke lake (msukumo unaorudi mkononi) ni kubwa kwa maajenti wengi. Mwaka 1990 ikaja .40 S&W. Katikati ya miaka ya 2010 wakarudi 9 mm, kwa sababu vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa, na watu wengi hulenga vizuri zaidi wakiwa na 9 mm.

Kizingiti chako kiwe hichohicho: sentimita 30 baada ya kupita nguo. Sababu ni ya kimwili tu. Mtu hasimami ukimkabili kama ubao wa shabaha. Mara nyingi mkono wake uko mbele ya kifua, au amegeuka upande. Kaliba yoyote inayofika hapo kwa uhakika inafaa. Ikishafika, milimita mbili za kipenyo zina uzito mdogo kuliko mahali risasi ilipopiga.

Tazama hesabu ya kaliba mbili zinazogombaniwa zaidi. 9 mm ya greni 124 (gramu 8) ikitoka kwa mita 350 kwa sekunde ina nishati ya takriban jouli 490. .45 ACP ya greni 230 (gramu 14.9) kwa mita 255 kwa sekunde ina takriban jouli 485. Ni kama sawa. Lakini ukizidisha uzito kwa mwendo, ambako ndiko teke linakotoka, .45 inazidi kwa zaidi ya theluthi moja. Ziada hiyo inaishia kwenye kiganja chako.

Hatua ya 3: Pima mkono na bastola tupu

Toa magazini (kasha la risasi ndani ya mpini), vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), kagua chemba kwa jicho na kwa ncha ya kidole, na risasi ziwe chumba kingine. Sasa vuta slaidi hadi mwisho mara 10 mfululizo bila kupumzika. Kisha bonyeza kifyatulio mara 10 huku umeegemeza sarafu juu ya kilengeo cha mbele. Slaidi ikikushinda mara ya saba, au sarafu ikidondoka kila mara, bastola hiyo si yako hata kama kaliba yake inasifiwa.

Hapa ndipo watu wenye viganja dhaifu wanapoharibiwa na ushauri wa haraka: "mpe rivolva ndogo." Kweli, rivolva haina slaidi ya kuvuta. Lakini kifyatulio chake kinahitaji karibu kilo 5 za nguvu kwa kila risasi, wakati bastola nyingi za kisasa zinahitaji karibu nusu ya hapo. Rivolva nyepesi ya gramu 400 na kitu ikipiga .357 Magnum, huumiza kiganja kiasi kwamba mwenyewe hufanya mazoezi ya risasi tano kisha akaiweka kabatini. Anayekushauri hatapiga yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Bastola ndogo pia inakula mwendo. Ukipunguza mtutu wa 9 mm kutoka milimita 100 hadi 75, unapoteza kadiri ya mita 10 hadi 20 kwa sekunde, na kichwa-tundu kilichotengenezewa mtutu mrefu huenda kisifunguke. Kwa hiyo chagua bastola kubwa kuliko zote ambayo kweli utaibeba kila siku, si ile utakayoiacha nyumbani wiki ya pili.

Hatua ya 4: Chuja orodha

9 mm Parabellum ndiyo jibu la watu wengi. Inafika sentimita 30 na kuzidi, risasi za mazoezi kwa kawaida ni nafuu kuliko za kaliba kubwa, na magazini hubeba nyingi. Glock 19 ya 9 mm ina risasi 15; Glock 23, mwili uleule kwa .40, ina 13.

.40 S&W inafanya kazi, hilo halina ubishi. Ila teke lake ni kali na la ghafla, na faida iliyobaki baada ya maendeleo ya 9 mm ni ndogo. Kama tayari unayo na unaipiga vizuri, huna sababu ya kuuza.

.45 ACP inamfaa mwenye mkono mkubwa na bastola nzito. Ina msukumo wa polepole kuliko .40, ila magazini hubeba risasi chache na mpini ni mnene. 10 mm iachie wanaokabiliana na wanyama wakubwa.

.380 ACP iko ukingoni. Katika mtutu wa milimita 70, vichwa-tundu vingi hufanya moja kati ya mawili: vinafunguka na kuishia kabla ya sentimita 30, au vinaziba na kupita kama risasi ya kawaida. Uamuzi wetu: ichukue tu pale 9 mm isipofichika kabisa au slaidi yake inapokushinda. Tena angalia mfumo wake. Bastola za .380 ambazo slaidi haifungamani na mtutu hutegemea springi ngumu, na teke lake linaweza kuudhi kuliko la 9 mm ndogo.

.38 Special kwenye rivolva fupi bado ina kazi, hasa mfukoni. Mtutu wa sentimita 5 hauipi kichwa-tundu mwendo wa kutosha kila mara, kwa hiyo wengi wenye uzoefu huweka risasi ya shabaha yenye kichwa butu ya greni 148. Haifunguki, teke lake ni dogo, na inafika kina kinachotakiwa.

.22 LR ni ya mazoezi. Fataki yake imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda. Isipoenea vizuri pande zote, pini inagonga patupu na risasi hailipuki. Kwenye rivolva unabonyeza tena, inakuja risasi nyingine. Kwenye bastola ya magazini lazima uvute slaidi kwanza. Kama ndiyo pekee mkono unayoweza, basi iwe rivolva.

Rivolva zinazopiga chembechembe za .410, na risasi zinazovunjika vipande, zipite kando. Kina chake hakitoshi.

Hatua ya 5: Amua kwa saa

Azima au kodi bastola mbili zinazofanana kwa ukubwa, za kaliba tofauti, uwanjani. Vaa miwani na vizuia-sauti vya masikio. Tundika karatasi ya sentimita 15 kwa 21 umbali wa mita 7. Anza na kaliba ndogo: ukianza na kubwa, mwili utajifunza kushtuka, na mshtuko huo utauhamishia kwenye bastola ya pili, kisha utadhani bastola ndiyo mbaya.

Mtutu ukiwa umeelekea chini mbele yako, subiri mlio wa saa ya mazoezi (hulia kuanzisha na kupima muda wa kila risasi), kisha piga risasi 5 ndani ya sekunde 4. Rudia mara tano. Jumla ni risasi 25. Hesabu zilizo ndani ya karatasi tu. Halafu mkono mmoja, mita 5, risasi 3 kwa kila mkono.

Ukipoteza zaidi ya 2 katika 25, kaliba hiyo imekushinda kwa sasa. Zikipata zote kwa kaliba zote mbili, chukua ile iliyokuacha na muda mfupi zaidi kati ya risasi na risasi. Programu za saa za simu zinarekodi muda huo, ingawa ndani ya uwanja wenye paa zinadaka milio ya jirani.

Risasi zikienda chini kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, usilaumu vilengeo. Mwombe mwenzako akupakilie magazini ya risasi 8, mbili kati yake ziwe bandia, bila kukuambia ziko wapi. Ikifika ya bandia utauona mtutu ukichutama wenyewe. Huko ndiko kushtuka.

Hatua ya 6: Hakikisha bastola inazila risasi utakazobeba

Risasi za mazoezi zenye kichwa cha duara kilichovikwa shaba hupanda kwenye chemba kirahisi. Kichwa-tundu kina mdomo mpana, na bastola nyingine hukikwamisha kwenye njia ya kupandia. Piga risasi 200 za mazoezi, kisha 100 za aina uliyochagua, kutoka magazini zako zote. Ikikwama hata mara moja kwenye hizo 100, tafuta sababu kwanza: mkono uliolegea (slaidi inakosa kitu cha kusukumia), magazini mbovu, au uchafu. Usipoipata, badili aina ya risasi, anza kuhesabu upya.

Usibebe risasi za kichwa kilichovikwa shaba kwa ajili ya ulinzi kama sheria inakuruhusu kichwa-tundu. Za shaba hupita mwilini na kuendelea na safari.

Hatua ya 7: Nyumba

Hakuna kaliba inayofika sentimita 30 mwilini ambayo itasimama kwenye ukuta mwepesi wa jipsamu. Zote zinapita, na zinapita kuta kadhaa. Kichwa-tundu kikijaa unga wa jipsamu kinaziba na kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo chora ramani ya nyumba, weka alama kwenye kila kitanda, kisha tafuta mahali utakaposimama ili nyuma ya mlango unaoulenga kusiwe na mtu wako. Hilo halirekebishwi kwa kupunguza kaliba.

Ndani ya chumba, .357 Magnum ina kelele na mwako unaopofusha. 9 mm ina nafuu, ingawa nayo huumiza masikio. Weka tochi ya mkono pembeni, maana huwezi kulenga usichokitambua. Kama bastola haiko mwilini mwako, iwe ndani ya kasha la chuma lenye namba, hata kama hakuna watoto wanaoishi hapo. Wageni wana watoto.

Kama utakuwa na bastola mbili, ya kubeba na ya nyumbani, ziwe kaliba moja, na ikiwezekana magazini kubwa iingie kwenye ndogo.

Hatua ya 8: Baada ya kuchagua

Kila ukiitoa na kuirudisha risasi ileile kwenye chemba, kichwa kinagongwa na kusukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo linapanda, na .40 haivumilii kabisa mchezo huo. Simamisha risasi iliyotoka kwenye chemba kando ya mpya juu ya meza bapa. Ikiwa fupi hata kwa robo milimita, iweke kando isitumike tena. Zilizobaki zipige zote mazoezini mara moja kwa mwaka, upakie mpya. Kwenye rivolva, vuta mtungi wazi kila mwezi ufute vumbi la mfukoni chini ya nyota ya kutolea maganda. Likijaa huko, mtungi unagoma kuzunguka.