Nyatiti Isimezwe na Spika: Jinsi ya Kuandaa Shoo ya Bendi Ndogo

Shoo yetu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kwenye bustani ya hoteli moja hapa Kisumu, Jumamosi jioni. Tulikuwa wanne: mimi na gita langu kavu, mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, wa besi, na dada wa kayamba. Watu wa meza za mbele walimwona mpiga nyatiti akitokwa na jasho, vidole vikikimbia, mguu ukigonga, lakini hawakusikia kitu. Mitambo ilikuwa ya didijei. Sauti yangu na besi vilijaa bustani nzima. Tuliporudi usiku ule, ndani ya Probox hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa watu wameanza kututafuta wenyewe, na vijana wa bendi nyingine wananiuliza tulibadilisha nini. Tulibadilisha mahali pa kuanzia. Siku hizi tunaanza na ala yenye sauti ndogo kuliko zote, kisha wengine wote tunajipanga kuizunguka.

Nyatiti ina nyuzi 8, na haina vifunguo vya kukazia kama gita. Uzi umefungwa kwenye mti wa juu, unazungushwa kwa mkono kidogo kidogo hadi uimbe. Zamani ilikuwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni kama ya kuvulia samaki. Kwa hiyo usimwambie mpiga nyatiti afuate gita; gita ndilo lifuate. Mimi huketi naye, yeye apige uzi mmoja mmoja, nami nitafute mahali sauti yangu inapokaa vizuri. Kisha nabana kapo, kile kibano cha shingoni, na kama bado hatujakutana nalegeza nyuzi zangu zote. Mimi hiyo ni kazi ya dakika mbili. Yeye angehitaji nusu saa, na wageni wameshaketi.

Halafu kuna ngozi iliyowambwa kwenye tumbo la nyatiti, na hapa ndipo wengi huumbuka. Ngozi ya ng'ombe hunywa unyevu. Ukipiga ufuoni Dunga, giza likiingia ngozi inalegea na sauti inashuka katikati ya wimbo. Tulipopanda Nakuru, kwenye baridi kavu, ilikaza na sauti ikapanda. Itoe ala mfukoni mapema, ikae mahali itakapopigiwa kwa saa nzima kabla ya kuzigusa nyuzi. Usiianike juani ili ikauke upesi, tafadhali. Ngozi ikipasuka saa kumi na moja jioni, hakuna duka utakalokimbilia.

Kwenye maiki, kumbuka mpiga nyatiti ana milio mitatu: nyuzi, njuga za mguuni tunazoziita gara, na oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inayogonga mti wa ala. Huo mdundo ndio unaowainua watu vitini. Omba maiki mbili. Moja itazame ngozi kwa umbali wa shubiri moja, nyingine iwe chini ikitazama mguu. Spika zote zikae mbele ya maiki, zikiwatazama watu. Ngozi ile ni kama ngoma: mlio mzito ukitoka spikani ukaigonga, inatetemeka, maiki inauchukua, unarudi spikani, na kabla hujageuka mitambo yote inaunguruma. Mafundi wengi hapo hushusha nyatiti hadi ipotee. Mwombe apunguze mlio mzito kwenye njia ya nyatiti peke yake, na amplifaya ya besi uihamishie upande wa pili wa jukwaa.

Jinsi ya kumwomba ni nusu ya kazi. Fundi wa mitambo amekuwa pale tangu saa nne asubuhi akivuta waya, na hajawahi kuona ala yako. Mimi humwendea mwenyewe, kabla hata ya kufungua mfuko wa gita.

"Fundi, pole na kazi. Naomba nikusumbue kidogo."

"Sema, dada. Hiyo ni gita gani hiyo?"

"Njoo uisikie kwanza bila maiki."

Anakuja, anainama, mpiga nyatiti anampigia mzunguko mmoja. Tangu tuanze hivyo, sijapata fundi aliyetukatalia maiki ya pili. Ameshajua anatafuta sauti gani. Bebeni waya zenu na betri za akiba, na fikeni masaa matatu kabla ya shoo.

Orodha ya nyimbo ipangwe kwa nyuzi, si kwa umaarufu. Nyimbo zinazotumia ukazaji mmoja zifuatane. Kwa dakika 45 sisi hupiga nyimbo 9, na huanza na gara peke yake, bila neno. Watu hunyamaza wenyewe wakitafuta mlio unatoka wapi.

Kuhusu pesa, niseme wazi kwa sababu iliniuma. Mwenye ukumbi mmoja alituahidi kwa mdomo, halafu usiku akatoa nusu, akasema chakula tulichokula kimekatwa humo. Siku hizi tunaandikiana kwa WhatsApp: kiasi gani, saa ngapi, mitambo ya nani, chakula ni cha nani, na nusu iingie M-Pesa kabla hatujatoka nyumbani. Weka na usafiri wa kurudi, maana usiku boda hawezi kubeba nyatiti bila kuivunja. Muulize pia mwenye ukumbi kama ana kibali cha kupiga muziki kwa sauti ya juu. Kanuni za kelele za 2009 zipo, na shoo inaweza kuzimwa mkiwa wimbo wa tatu. Nyimbo zenu zisajilini kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na mgao wa kila wimbo muuandike mkiwa bado marafiki.

Sasa kujulikana. Tuliwahi kulipia tangazo mtandaoni, wakaja watu wachache tusiowaona tena. Kilichotusaidia ni daftari. Baada ya shoo, dada wa kayamba hupita mezani na kuomba jina na namba kwa anayetaka kuitwa tena. Siku mbili kabla ya shoo inayofuata namwandikia kila mmoja kwa jina lake, si ujumbe wa jumla. Simu ya kurekodi tunaiweka katikati ya watu, si jukwaani, ili vigelegele visikike, na tunapakia wimbo mmoja tu kesho yake.

Safari ya Nakuru ilitoka kwenye daftari hilo. Mama mmoja aliyetusikia Kisumu alikuwa na mwanawe anayefanya kazi kule, akampa namba yetu. Tulipita Ahero na Kericho na nyatiti mapajani, imefungwa kwa leso mbili, kwa sababu kwenye buti ingegongana na spika. Kijana yule alikuja na wenzake sita. Tulipomaliza, walimzunguka mpiga nyatiti, na mmoja akavua kiatu ajaribu oduong'o kidoleni mwake.