Tomografia ya hali ya kwantamu kwa kyubiti mbili: kagua Y kabla ya yote

Juzi nilimsaidia mwenzangu wa maabara ambaye matokeo yake yalikuwa yamekataa kabisa kueleweka. Tatizo lilikuwa lilelile lililonimalizia siku mbili nilipoanza kazi hii ya tomografia (kujenga upya hali ya kwantamu kutokana na vipimo vingi), kwa hiyo nimeona niliandike.

Hatua ya 1: Mipangilio. Matriksi ya msongamano (jedwali la namba linaloeleza hali nzima) ya kyubiti n, yaani biti za kwantamu, ina namba huru 4ⁿ − 1. Kwa kyubiti mbili ni 15. Pima kila kyubiti kwa X, Y na Z (pande tatu za kupimia, ziitwazo Pauli), jumla mipangilio 9. Rudia kila mpangilio mara 1,000, na kosa la kila wastani wa matokeo ya +1 na −1 halitazidi 0.03 hivi. Ukitaka kosa lipungue nusu, marudio yawe mara nne.

Hatua ya 2: Makosa ya usomaji. Andaa 00, 01, 10 na 11, soma kila moja, ujaze matriksi ya 4 kwa 4 ya uwezekano wa kusoma kila jibu kwa kila hali uliyoandaa. Fanya siku ileile ya vipimo.

Hatua ya 3: Alama ya Y. Hapa usiharakishe. Kifaa husoma Z tu. Kupima X unatanguliza lango H (operesheni inayogeuza X kuwa Z). Kupima Y unatanguliza S† (kinyume cha lango S, linalozungusha kyubiti nyuzi 90 kuzunguka Z) kisha H. Ukiweka S badala ya S†, Y yote inageuka alama, na hakuna onyo litakalotokea. Kwa wenye fotoni, kosa hilohilo hutokea bamba la robo-wimbi likizungushwa nyuzi 45 upande usio wake.

Chukua hali ya Bell Φ⁺, ya kyubiti mbili zilizofungamana: XX = 1, ZZ = 1, YY = −1 (XX ni wastani wa zao la matokeo ya X ya kyubiti zote mbili). Data ya mwenzangu ilionyesha zote tatu karibu na +1. Haiwezekani, maana XX mara ZZ ni −YY. Y ya kyubiti moja ilikuwa imegeuzwa. Ukijenga matriksi hiyo bila kuirekebisha, unapata thamani aigeni (ambazo ni uwezekano, hivyo haziruhusiwi kuwa hasi) tatu za 0.5 na moja ya −0.5. Yeye hakuiona hiyo hasi, kwa sababu alianza na makadirio ya uwezekano mkubwa zaidi (kutafuta hali halali inayolingana zaidi na data), ambayo hayaruhusu hasi. Yakampa hali halali yenye fideliti (kiwango cha kufanana na Φ⁺) ya takriban 0.33. Akaamini ni kelele, akashinda anarekebisha mapigo ya mikrowevu. Kelele ya marudio 1,000 huleta hasi ndogo, mfano −0.02; lakini −0.5 ni kosa la mpangilio.

Kyubiti zote mbili zikigeuzwa, YY hubaki vilevile na Φ⁺ haikuonyeshi kitu. Kwa hiyo andaa |0⟩ + i|1⟩ kwenye kila kyubiti peke yake, upime Y: lazima iwe karibu +1. Uandaaji usitumie msimbo uleule wa kupimia, la sivyo kosa linajifuta.

Hatua ya 4: Jenga matriksi moja kwa moja. Zidisha kila wastani na Pauli yake, jumlisha, gawanya kwa 4. NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) inatosha. Sishauri kuanza na kifurushi kinachofanya yote ndani kwa ndani. Zitazame thamani aigeni kwa macho yako.

Hatua ya 5: Makadirio. Sasa ndipo uandike matriksi ya msongamano kama ρ = T†T/Tr(T†T), T ikiwa ya pembetatu († ni transposi konjugeti, Tr ni jumla ya ulalo), na matriksi ya Hatua ya 2 iingie ndani ya modeli badala ya kuigeuza juu ya hesabu ghafi. Kwa ukubwa wa kosa, chota sampuli upya kutoka kwenye hesabu zako mara mia kadhaa, urudie makadirio kila mara.