Namna ya kusaka kazi za sanaa zenye ubunifu Bagamoyo

Wengi wanaokuja Bagamoyo kutafuta sanaa huishia kwenye vibanda vya vinyago, wananunua twiga na kurudi Dar. Twiga hana ubaya. Ila kazi zenye mchezo na akili mara nyingi hazina bei wala kibandiko, na utazijua kwa kujiuliza: kitu hiki kilikuwa nini kabla, na sasa kinafanya kazi gani? Msanii Picasso mwaka 1942 aliunganisha siti na usukani wa baiskeli, akapata kichwa cha fahali. Mafundi wa Lamu walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivisha ndala za rangi zote, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja.

Beba tochi ndogo, kitambaa cheupe, chupa ya maji na chenji. Anza ufukweni kwenye saa moja asubuhi. Jua huchomoza upande wa bahari, na mwanga wake wa ubavuni huonyesha viraka, mishono ya tanga na michoro ya ubavuni mwa mashua ambayo saa sita huioni kabisa. Wazee wape shikamoo kwanza, kisha omba kuangalia. Picha iombe kabla hujatoa simu, maana ukianza kupiga kimyakimya watu hufikiri umetumwa kukagua.

Mitaani tafuta magari ya watoto, ya waya na makopo, na usiyapite haraka. Inama, angalia magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu. Tundu likikaa pembeni kidogo ya katikati, gari linachechemea; fundi mzuri hulitoboa kwa waya wa moto, halafu hukunja ncha za ekseli ili gurudumu lisichomoke. Magari mengine yana fimbo ndefu inayogeuza magurudumu ya mbele huku mtoto akitembea wima. Huo ni usanifu kamili: mtumiaji amepimwa, malighafi ni ya bure, na kikiharibika kinatengenezeka pale pale. Ukitaka kununua, zungumza na mzazi. Afadhali umwombe mtoto akutengenezee jingine kuliko kumchukulia la kuchezea.

Mtaa wa India una milango ya nakshi. Tochi ielekeze kutoka ubavuni, usiimulike nakshi moja kwa moja. Mkono wa patasi huacha kina kinachobadilikabadilika. Mashine hurudia kina kile kile.

Kwenye vinyago, mpingo ndipo penye udanganyifu mwingi. Lowanisha kitambaa, sugua sehemu ya chini: weusi ukitoka, ni mti mwingine uliopakwa kiwi. Mpingo halisi huzama majini, kwa hiyo hata kipande kidogo ni kizito mkononi. Kagua pia ncha za mti. Mti uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka kuanzia hapo, kwa sababu unyevu hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni.

TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ina tamasha la kila mwaka. Ulizia tarehe chuoni kabla hujafunga safari. Nje ya tamasha, uliza wanafunzi wanafanya mazoezi lini. Ala na mavazi ya jukwaani ndiko ubunifu unakojificha.

Ukinunua picha ya mtindo wa Tingatinga iliyochorwa kwenye kitambaa, bonyeza ukingo wa picha kwa kucha. Rangi ya mafuta huwahi kukauka juu huku ndani bado laini, hivyo ukiikunja mapema picha inanata na kubanduka. Iliyokauka ikunje upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba la upana wa sentimita 10 au zaidi. Ukiukunjia ndani, rangi hujibana na kufanya makunyanzi. Kama huna muda wa kusubiri, chagua iliyochorwa kwenye hadibodi, kama alizotumia Edward Said Tingatinga mwenyewe alipoanza mwaka 1968, na uibebe ikiwa imesimama.