Kabla Hujafomati Flashi ya Kupigia Windows

Kuandaa flashi ya kupigia Windows au Linux ni kazi fupi. Kinachowaliza watu ni yale waliyoyaruka kabla ya kubofya kitufe cha kuanza.

Anza na kilichomo ndani. Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kubutia, na nyingine za aina yake hufuta flashi nzima, kwa hiyo onyesha kwanza mafaili yaliyofichwa, hamisha unachokihitaji, kisha kifungue huko ulikokipeleka. Picha iliyonakiliwa lakini haifunguki haijaokolewa.

Halafu chomoa flashi nyingine zote pamoja na diski za nje. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza kazi za miaka. Ukitumia diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri, orodha yake huonyesha namba za diski na ukubwa wake bila majina, na amri ya clean, inayofuta diski, haikuulizi mara mbili. Utambue ukubwa: flashi ya GB 16 huonekana kama GB 14 hivi, na diski ya ndani ya GB 500 huonekana kama GB 465, kwa kuwa watengenezaji huhesabu kwa 1000 na Windows huhesabu kwa 1024. Kama namba haikuingii akilini, usiendelee. Funga, chomoa flashi, tazama upya orodha uone ni ipi iliyotoweka.

Windows 10 na 11 zinahitaji flashi ya GB 8 au zaidi. Kuna flashi bandia zinazodai nafasi zisizokuwa nayo: zinapokea data, kisha data hiyo haisomeki. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi na kuisoma tena ili ukweli ujulikane. Jaribio hilo huchukua muda, lakini kwa flashi usiyoijua chanzo chake ni muda halali.

Faili la ISO, yaani faili moja lenye Windows au Linux nzima ya kupiga, lipakue kwa mtengenezaji mwenyewe. Kisha kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile, jina la faili na SHA256, upate msimbo wa kutambulisha faili hilo, uulinganishe na ule uliotolewa na mtengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, futa upakue upya.

Sasa igeukie kompyuta itakayopigwa Windows. Kama bado inawaka, fungua msinfo32 (taarifa za mfumo) uone inabuti kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, au kwa Legacy, njia ya zamani. Kwenye Rufus, ya kwanza chagulia mpangilio wa diski wa GPT, ya pili MBR. Ukikosea hapo, flashi nzima kabisa inaweza isionekane wakati wa kubuti. Wanaonakili mafaili ya ISO kwa mkono kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 nao hukwama, maana FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi, na install.wim, faili kuu la Windows ndani ya ISO, mara nyingi huzidi hapo.

Kompyuta ikiwa na BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, tafuta ufunguo wake wa kurejesha wa tarakimu 48 kabla ya kugusa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) au mpangilio wowote wa kubuti. Bila ufunguo huo unaweza kufungiwa nje ya mafaili yako mwenyewe.

Pakua pia draiva ya Wi-Fi, na ya diski kwa laptopu ambazo Windows haioni diski yake wakati wa kuipiga. Zihifadhi kwanza kwenye kompyuta unayotumia, uzinakili kwenye flashi Rufus ikishamaliza. Ukizitanguliza zitafutwa pamoja na vingine vyote.