Jinsi ya kuivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Zidisha 2 yenyewe kwa yenyewe mpaka ziwe 32, yaani 2^32, utapata 4,294,967,296. Ongeza 1, hiyo ndo namba yetu ya leo, na kuivunja ni kutafuta namba zinazoigawa bila baki. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini namba za ukoo huu (2^1+1, 2^2+1, 2^4+1, kipeo kinaongezeka mara mbili kila hatua) zote ni tasa, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa, ila hii inayofuata ikamuumbua, mwanahisabati Euler akaivunja mwaka 1732 bila kalkuleta wala nini.

Hatua ya 1: usikimbilie kugawa. Vijana wangu wa tuisheni wakiona namba ndefu wanaanza 3, 7, 11, 13... Kipeuo cha pili cha hii ni 65,536 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, utagawa mpaka simu iishe chaji.

Hatua ya 2: jiulize kigawo kikiwepo kitakuwa na sura gani. Hapa ndo kwenye utamu so twende taratibu. Tuseme p ni namba tasa inayoigawa namba yetu bila baki. Basi 2^32 ukiigawa kwa p inapungukiwa 1, tuandike baki ni −1. Izidishe yenyewe, 2^64 inabaki 1. Je kuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakiza 1? Hakuna, maana kile kidogo kabisa lazima kiigawe 64, na kikiwa chini ya 64 kitaigawa na 32 pia, wakati tumeshaona 32 inatoa −1. Sasa sheria ya Fermat mwenyewe inasema 2^(p−1) inabaki 1, kwa hiyo 64 lazima iigawe p−1, ndo kusema p = 64k+1, k ikiwa namba nzima. Yaani mzee kaumbuliwa na sheria yake!

Hatua ya 3: orodhesha tasa za sura hiyo: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano imo. 641 × 6,700,417. Karne ya 19 mwanahisabati Lucas akabana zaidi, akaonyesha ni 128k+1, hapo zinabaki 257 na 641 tu za kujaribu.

Kama huamini kalkuleta: 641 = 5×2^7 + 1, so 5×2^7 inabaki −1, ipandishe kipeo cha 4, 5^4×2^28 inabaki 1. Lakini 5^4 ni 625, ambayo ni 641 − 16, kwa hiyo badala yake weka −2^4. Unapata −2^32 inabaki 1, basi 2^32+1 haibakizi kitu. Kwisha.

Hatua ya 4: 6,700,417 nayo ni tasa? Kipeuo chake ni 2,588 na ushee, na vigawo vyake navyo lazima viwe 128k+1, so ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 basi. Mabaki: 170, 44, 120, 334, 622. Hamna sifuri, ni tasa.

Hatua ya 5, ya haraka. Vigawo viko vinne, jumla yao 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356.

Angalizo kwa wanaoandika programu: ukiipima hii namba kwa ile sheria ya Fermat ukatumia 2 kama namba ya kupandisha kipeo, inapita kama tasa kabisa, inakudanganya mchana kweupe, tumia 3 ndo inanaswa.

Na kuna kitu nakipenda sana. Namba yetu ni 65,536² + 1², hiyo iko wazi, lakini pia ni 62,264² + 20,449², na namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili hivyo. Zimetokea wapi? 641 = 25² + 4², na 6,700,417 = 2,556² + 409². Piga 25×2,556 − 4×409, halafu 25×409 + 4×2,556. Ukibadilisha alama zote mbili, ile ya kutoa ikawa kujumlisha na ya kujumlisha ikawa kutoa, zinarudi 65,536 na 1.