SOMO: Namna ya kumfanya mhusika wa riwaya awe mtu (yote yako hapa, inboksi msije)

Wakuu habari za jioni. Kila wiki mtu ananitumia sura ya kwanza ya riwaya yake anauliza mbona wasomaji hawamjali mhusika wake, nikimjibu huyu kesho anakuja mwingine na lilelile, kwa hiyo leo naandika mara moja na atakayenifuata inboksi namtumia linki ya uzi huu basi. Niko Dodoma, mifano yangu ni ya huku huku, wa Dar mtavumilia.

HATUA YA 1: Jina. Liendane na umri wake na kwao. Bibi wa Mpwapwa mwenye miaka 80 haitwi Brianna.

HATUA YA 2: Anataka nini? Usiniambie anataka furaha, nani hataki. Nataka kitu cha kushika mkononi. Tumchukue Mzee Ndahani, nimemtunga sasa hivi, mlinzi wa usiku kwenye ghorofa linalojengwa Area D. Anataka hati ya kiwanja chake kabla hajafa. Kwa nini hati? Manake mwaka 1971 kwenye Operesheni Dodoma, akiwa kijana, aliona kwao wanaacha tembe na mashamba kwenda kuanza upya kwenye kijiji cha kupangiwa, tangu hapo haamini ardhi isiyo na karatasi, na sa hivi serikali ishahamia huku, viwanja vimepanda bei, watoto wa mke mkubwa washaanza kukipima kile kiwanja kwa hatua za miguu. Hayo yote unayajua WEWE. Usimmwagie msomaji ukurasa wa pili, mpe kidogo kidogo pale mzee anapobanwa.

HATUA YA 3: Muonekano. Jamani hii nimechoka nayo. "Alikuwa mrefu wa wastani, maji ya kunde, umbo namba nane, macho ya kusinzia, akicheka mwanya unaonekana." Wasichana wote wa riwaya za WhatsApp ni huyu huyu mmoja, anabadilishwa jina tu. Ukurasa wa tatu msomaji ameshasahau vyote. Chagua kitu kimoja, na kiwe kinafanya kazi. Ndahani akipewa chenji anaihesabu, anaitia mfuko wa shati, anafunga kifungo, anapiga hatua mbili, anafungua kifungo anahesabu tena. Sijakwambia ni mrefu wala mfupi na umeshamuona.

HATUA YA 4: Anavyoongea. Hapa someni polepole manake hapa ndo nilipochemka vibaya. Kwenye riwaya yangu ya kwanza mzee wa Kigogo nilimjaza lafudhi ya vichekesho, kila neno nimelipinda, halafu nikamfanya omba omba juu, nikaona hapo nimepatia kweli kweli. Msomaji mmoja wa Chamwino akaniandikia kistaarabu tu, "kaka, baba yako wewe anaongea hivyo?" Nilikuwa nimeandika kabila, mtu mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo ONYO. Usipinde matamshi herufi kwa herufi, msomaji anaishia kucheka hata pale mzee anapolia, na wenye lugha yao wanaumia. Neno moja linatosha: Ndahani akiingia mahali anasema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na hakai mpaka ajibiwe. ONYO tena, watu hawatofautiani kwa lafudhi tu, wanatofautiana zaidi kwa kile wanachokikwepa. Mwanae akimuuliza habari za kiwanja yeye anajibu habari za mvua. Halafu fanya hili jaribio, funika majina ya wasemaji kwa kidole usome mazungumzo matupu, ukishindwa kujua nani kasema nini basi wote ni wewe unajibizana mwenyewe.

HATUA YA 5: Kichwani mwake. Punguza "alifikiri kwamba" na "alihisi kuwa". Linganisha:

"Ndahani aliitazama fomu. Alifikiri kwamba karani anamdharau."

"Ndahani aliitazama fomu. Kurasa nne. Na huyu mtoto mbele yake, kucha za rangi, hata shikamoo hana."

Ya pili msimulizi ni yuleyule ila maneno ameazima kwa mzee. Ukiizoea hii nusu ya kazi imeisha.

HATUA YA 6: Akushangaze. Waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wanakumbuka wahusika bapa na duara. Mgawanyo huo ulienezwa na Mwingereza E. M. Forster kwenye mihadhara yake ya Cambridge iliyotoka kitabu mwaka 1927, na kipimo chake ni chepesi tu: mhusika duara anaweza kukushangaza na bado ukamuamini. Hajawahi kukushangaza, huyo bapa. Kakushangaza ila humuamini, umelazimisha. Yule Ndahani bahili mwache ampe mpita njia koti lake la lindo usiku wa Julai, na baridi ya Julai ya Dodoma mnaijua, halafu asubuhi agombane na muuza chai kwa shilingi mia. Na Forster hakusema bapa ni takataka, konda wa daladala anayetokea ukurasa mmoja mwache awe bapa, ukitaka kila mtu awe na historia yake riwaya haifiki popote.

HATUA YA 7: Soma yote kwa sauti. Usibishe.

MASWALI

kalamu_kavu: Mkuu somo zuri sana, sasa nifanyeje ili mhusika wangu avutie?

MLETA MADA: Hatua ya 2. Kisha ya 3. Kisha zilizobaki.

jembe_la_nzuguni: Ndefu sana hii, weka kwa ufupi

MLETA MADA: Unaandika riwaya au meseji?

mtukutu_41: Kipaji ni kipaji, hizo hatua ni za watu wa semina. Waandishi wakubwa walikuwa wanakaa wanaandika tu

MLETA MADA: Nani kakudanganya. Charles Dickens, bintiye Mamie alimshuhudia akiruka kutoka mezani anakimbilia kioo, anakunja uso huku na huku, anarudi kuandika mbio mbio, halafu kioo tena. Georges Simenon aliyeandika riwaya mamia alikuwa anaanza na bahasha, juu yake anaandika majina ya wahusika, umri wao na wanakoishi, ndo aende kwenye sura ya kwanza. Hao semina walifanyiwa na nani?

mtukutu_41: Sawa ila mimi kioo sina 😂

MLETA MADA: Simu yako ina kamera ya mbele.

binti_kondoa: Kaka habari. Kuna mama ana mgahawa karibu na Soko la Majengo, mtu akiwa na deni lake hamdai hata siku moja, ila anampakulia kidogo kuliko wengine. Natamani nimuweke kwenye hadithi lakini naogopa, atajijua. Inaruhusiwa?

MLETA MADA: Dada wewe unaangalia watu, hiyo ya kupakua kidogo ningekuwa na hela ningeinunua. Chukua hilo tendo, maisha yake muachie. Mhamishe mji, badilisha biashara, umri, idadi ya watoto, halafu mchanganye: tendo la huyu mama, woga wa shangazi yako, kiburi chako mwenyewe. Kisha mpe kitu anachokitaka ambacho yule wa Majengo wala hana habari nacho, hapo utaona anaanza kwenda njia yake. Akisoma akasema "kama namjua huyu", sawa. Akisema "huyu ni mimi", rudi kabadilishe, hasa kama umemtwisha kosa lolote. Nikuulize, anapunguza ugali au mboga? Manake hao ni watu wawili tofauti.

binti_kondoa: Mboga. Ugali anaweka palepale

MLETA MADA: Basi huyo hataki ulale njaa, anataka uone aibu mbele za watu. Mhusika ushampata, kaandike usiku huu huu, na usimueleze msomaji kwa nini anapunguza.

binti_kondoa: Na mdaiwa naye atakuwa anamaliza ugali wote mkavu ili asionekane kaelewa 🙈

MLETA MADA: Uzi mzima huu faida yake ni hiyo komenti.

mzee_wa_bahi: Wanangu mkitaka kusikia watu wanavyoongea nendeni stendi ya Nanenane asubuhi, pale wanapouza zabibu dirishani kwa abiria. Mtu ana dakika moja ya kuuza, haongei neno la ziada

MLETA MADA: Kweli mzee wangu, shikamoo. Mimi napenda daladala, kwenye SGR kila mtu yuko na simu yake. Ila msiwarekodi watu bila ruhusa, na msiandike mbele yao wanabadilika hapohapo. Shuka, jitumie meseji sentensi ile ile kama ilivyosemwa, ukisubiri mpaka nyumbani utakuwa umeshainyoosha.

mzee_wa_bahi: Marahaba. Mimi natumia daftari, chaji haiishi

neema_hombolo: Zabibu zenyewe sa hivi ndoo bei gani?

MLETA MADA: Uzi wa riwaya huu.

mzee_wa_bahi: Subiri Agosti binti yangu, za sasa wanakuuzia zilizolala