Sabuni ya nta na asali: kazi yote iko kwenye joto

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Asali, ikikutana na kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huzidisha joto la mchanganyiko. Ukipoza mno nta inaganda, ukipasha mno asali inaungua, na sabuni hii hutengenezwa katika nafasi finyu iliyobaki hapo kati.

Vipimo: mafuta ya zeituni gramu 300, mafuta ya nazi gramu 185, nta gramu 15, kostiki soda gramu 71, maji gramu 150, asali gramu 10. Pima vyote kwa mizani, hata maji. Vikombe na vijiko waachie wapishi. Ukibadili mafuta, kokotoa soda upya, maana kila aina hula soda kwa kiasi chake. Kipimo hiki huacha takriban asilimia 5 ya mafuta bila kuliwa, ili sabuni isikaushe ngozi. Nta isizidi asilimia 3. Huifanya sabuni iwe ngumu, ndiyo, lakini huua povu.

Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Koroga asali katika gramu 20 za maji, weka kando. Maji yaliyobaki yawe baridi, katika chombo cha stenlesi au plastiki ngumu, kisha tia soda humo kidogo kidogo. Kamwe usimimine maji juu ya soda: huchemka ghafla na kuruka usoni. Alumini pia haifai, kwani soda huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto.

Yeyusha nta pamoja na mafuta ya nazi, halafu ongeza zeituni. Joto litashuka, na huenda ukaona nta ikijikusanya. Rudisha motoni mpaka iyeyuke tena. Mafuta yakiwa nyuzi 55 na maji ya soda 50, changanya. Tumia blenda ya mkono sekunde chache, zima, koroga kwa mkono, washa tena. Mchanganyiko ukiwa mzito papo hapo usishangilie: mara nyingi hiyo ni nta inayoganda tu, na dawa yake ni moto mdogo. Uzito wa kweli huja taratibu. Chota kidogo, dondoshea juu. Mchirizi ukibaki bila kuzama, tia asali, koroga upesi, mimina kwenye moldi.

Usifunike kwa blanketi. Uso wa sabuni ukivimba au kupasuka katikati, joto limezidi. Ihamishie penye upepo. Matone ya kahawia yanayonata ni asali ambayo haikuchanganyika vizuri. Rangi kuelekea kahawia ni kawaida.

Kata baada ya saa 24 hivi. Ukichelewa sana, vipande humeguka. Anika kivulini wiki 4 hadi 6, vikiachana.

Nta ikibaki, tengeneza mafuta ya midomo: nta sehemu 1 kwa mafuta sehemu 4, kwa uzito, yeyusha chombo kikiwa ndani ya maji ya moto. Asali usitie, kwa kuwa haichangamani na mafuta, itatuama chini. Kabla ya kumimina kwenye vikopo, dondosha tone kwenye kijiko kilichotoka kwenye friji: likiwa gumu ongeza mafuta, likiwa laini ongeza nta.